Dondoo muhimu: Kabla ya kuchomelea fremu ya trela kwa TIG

Jifunzie kwenye vipande vilivyobaki vya bomba lilelile la mraba utakalojengea fremu, maana unene ukibadilika, moto nao hubadilika. Kwa chuma cha kawaida cha milimita 3, anzia ampea 100 hadi 120, tochi ikiwa upande hasi na gesi ikiwa agoni tupu.

Usafi ni nusu ya kazi. Piga grenda mpaka ngozi nyeusi iishe na chuma king'ae, kisha futa mafuta. Usitumie kamwe dawa ya kusafishia breki yenye klorini: mwanga na joto la kuchomelea huweza kuigeuza kuwa gesi ya fosjeni, nayo huua. Tungsteni ikigusa chuma, simama, inoe upya kwa urefu wake.

Zaidi ya yote, rudiarudia kiungo cha T. Kibane kwenye jiliwa, kipige nyundo hadi kipinde. Kikiachia kwenye mshono, bado hujawa tayari; mshono unaopendeza macho lakini usiopenya ni hatari barabarani.

Kiungo cha mkono wa kuvutia trela, mwachie fundi mzoefu.