Antena ya Paa la Gari: Kazi Yake na Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kununua

Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika hukuta redio haishiki stesheni, kisha huuziwa antena mpya bila ya lazima. Tunaeleza hapa kazi ya kifaa hiki ili mnunuzi aweze kuamua mwenyewe.

Kazi yake
Antena hunasa mawimbi ya redio na kuyapeleka kwenye redio kwa waya. Hufungwa juu ya paa kwa sababu tatu. Kwanza, hapo ndipo mahali pa juu zaidi pa gari. Pili, bati la paa huisaidia kupokea mawimbi ya kila upande. Tatu, iko mbali na injini, ambayo mfumo wake wa umeme huleta mikwaruzo. Aidha, karatasi ya giza yenye madini inayobandikwa kwenye vioo haiizuii, tofauti na antena iliyomo ndani ya kioo.

Urefu nao una maana. Kwa masafa ya FM, fimbo ifaayo hukaribia sentimita 75. Antena fupi, pamoja na ile ya umbo la pezi la papa, huhitaji kikuza mawimbi kinachotumia umeme.

Tatizo lisilotokana na antena
Redio nyingi za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya miaka ya nyuma, hupokea megahezi 76 hadi 90. Stesheni za Afrika Mashariki hurusha kati ya megahezi 87.5 na 108. Hivyo, stesheni zilizo juu ya 90 hazitasikika hata ukifunga antena ya bei ghali kiasi gani. Kinachohitajika ni kifaa cha kubadili masafa, au redio nyingine.

Mambo ya kuchunguza
1. Washa redio kwenye stesheni ya mbali, kisha fungua fimbo ya antena. Usipoona tofauti yoyote, huenda waya umekatika au haukuunganishwa.
2. Pezi lililobandikwa kwa gundi bila waya wowote ni pambo tu. Usilipie bei ya antena.
3. Ikiwa usikivu ulififia baada ya kufungiwa redio mpya, mwulize fundi kama aliunganisha waya wa umeme wa kikuza mawimbi, ambao aghalabu ni wa buluu.
4. Kagua mpira wa kuzuia maji kwenye kitako cha antena. Ukipasuka, maji hupenya hadi darini na kuleta kutu.
5. Fungua fimbo kabla ya kuingia kwenye mashine ya kuoshea magari.

Tunamshauri kila mnunuzi adai stakabadhi inayotaja kifaa alichouziwa na kazi iliyofanywa, na ajaribu redio mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Malalamiko yasiyo na stakabadhi ni vigumu kuyathibitisha.