Moyo wa Mtoto Tumboni: Vyumba Vinne Havitoshi

Tuseme dada yako ana mimba ya miezi mitano. Leo karudi kliniki anacheka: "Nimepigwa altrasaundi, moyo wa mtoto unadunda!" Habari njema. Lakini je, moyo ukidunda ndiyo kusema ni mzima? La, si lazima.

Kumbuka somo la Baiolojia. Moyo una vyumba vinne. Chumba cha chini kulia husukuma damu kwenda mapafuni ikachukue oksijeni. Cha chini kushoto husukuma damu yenye oksijeni kwenda mwilini, kupitia mshipa uitwao aota.

Mara chache, mtoto huumbika mishipa hiyo miwili ikiwa imebadilishana: aota inatoka kulia, wa mapafu unatoka kushoto. Basi damu isiyo na oksijeni inarudi mwilini vilevile. Kumbe vyumba vyote vinne vipo, na moyo unadunda vizuri tu!

Mbona mtoto anaishi tumboni? Kwa sababu oksijeni anaipata kwa mama, kupitia kondo la nyuma. Shida huanza akishazaliwa. Kijia kinachounganisha mishipa ile huanza kuziba katika saa au siku za mwanzo. Hapo midomo na ulimi hugeuka bluu. Usisubiri, mtoto akimbizwe hospitali!

Ndiyo maana mpimaji asiishie kwenye vyumba. Kati ya wiki ya 18 na 22, moyo ukiwa na upana wa karibu sentimita 2 tu, aangalie pia mishipa inavyotoka. Iliyo sawa hupishana kama herufi X. Iliyobadilishana huenda sambamba kama reli.

Kujua mapema kunasaidia nini? Mama hupangiwa kujifungulia karibu na wataalamu wa moyo wa watoto. Mtoto hupewa prostaglandini ili kijia kisizibe, kisha mishipa hurudishwa mahali pake kwa upasuaji. Dk. Adib Jatene wa Brazili ndiye aliyefanikiwa kwanza, mwaka 1975.

Altrasaundi haioni kila kitu, na kasoro hii si uchawi wala kosa la mama. Ila mwambie dada asichelewe kliniki. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Naye aulize bila aibu: "Daktari, na mishipa mikubwa umeiona?"

JIPIME
1. Kwa nini mtoto huyu hana shida akiwa tumboni?
2. Prostaglandini hufanya kazi gani?