Mkate wa ufuta, chumvi kiduchu

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Mkate wa ufuta wa Unguja hauhitaji nyingi: tui zito na ufuta uliobabuliwa kwa moto wa makaa hutosha kuukoleza.

Chumvi huipunguzia hamira kasi. Chumvi ikipungua, donge huumuka upesi, basi liangaliwe mapema. Likipitiliza, mkate hunywea.

Mbali na mkate, magadi nayo yana sodiamu kama chumvi. Maharage yalowekwe usiku kucha badala ya kuharakishwa nayo. Mchuzi ukolezwe kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Vidonge vya supu vibaki dukani. Chumvi mbadala yenye potasiamu? Mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.