Gazeti la Ujuzi wa Wanakijiji

Mtu aliyepoteza nyumba bado ana ujuzi wake. Tukiutangaza bila kumtaja, tunamnyang'anya mara ya pili. Katika miaka ya 1990, jarida la Honey Bee nchini India lilikusanya ubunifu wa wakulima na mafundi kwa mfano wa nyuki: huchukua chavua bila kulidhuru ua. Mbunifu alitajwa jina, na habari ilirudishwa kwake kwa lugha yake.

Hapa Kasaji, wenyeji na waliohamishwa waanze na karatasi moja:

1. Mwombeni fundi wa mbabula ruhusa.
2. Andikeni hatua na vipimo. Mtu mwingine ajaribu.
3. Msomeeni fundi kwa lugha yake kabla ya kuchapa.
4. Chagueni wabunifu wa pande zote mbili.

Tujadiliane: Kwenu, ujuzi wa nani haujaandikwa?