Ukimpata Ndege wa Porini Aliyejeruhiwa

Mwewe, tai na bundi wa Kaunti ya Nakuru hujeruhiwa kwa njia nyingi: kugongwa na magari, kunaswa na nyaya za umeme, kula mizoga yenye sumu, au kupigwa mawe na wanaoamini kwamba bundi huleta mkosi. Bundi huyo ndiye anayewala panya wanaomaliza mahindi ghalani.

Wakazi wanahimizwa kuchukua hatua siku hiyo hiyo. Mfupa wa ndege huunga haraka, na ukiunga ukiwa umepinda, huenda asiruke tena.

Hatua za kufuata

1. Mtazame kwanza kwa mbali. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini ya mti huenda anajifunza kuruka, na wazazi wake wako karibu. Mwache, zuia paka na mbwa.

2. Aliyeumia mfunike kwa taulo au shuka, kichwa pia, kwa sababu giza humtuliza. Vaa glavu nene na udhibiti miguu. Silaha yake kuu ni kucha. Aliye juu ya nguzo ya umeme usimpandie.

3. Mweke kwenye katoni yenye matundu, mahali tulivu na penye giza, mbali na watoto na redio.

4. Usimlishe ugali, mkate wala maziwa. Usimmiminie maji mdomoni. Yanaweza kuingia kwenye mapafu.

5. Andika mahali alipopatikana, kisha ripoti kwa ofisi ya KWS iliyo karibu. Ukishuku sumu, usiguse mzoga wala ndege kwa mikono mitupu.

Baada ya matibabu

Shirika la Kenya Bird of Prey Trust lina vituo vya kutibu ndege walao nyama Naivasha na Soysambu. Kidonda kikipona, kazi haijaisha. Ndege huhitaji kuruka ndani ya kizimba kikubwa hadi misuli irudi, na ni lazima aweze kujitafutia mawindo. Inapowezekana, huachiliwa karibu na alipookotwa, kwani anapajua.

Ndiyo maana kumfuga nyumbani si kumsaidia. Akizoea kulishwa na watu, porini atakufa njaa. Isitoshe, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumweka mnyama wa porini bila kibali.