Twende Tu! Somo la Safari ya Ghafla, Mlimani na Korongoni

Somo letu hili halimo katika vitabu vya darasani, ingawa lina Hesabu, Jiografia na Kemia ndani yake. Linahusu safari ya ghafla, ile ambayo Ijumaa haikuwepo, na Jumamosi asubuhi mtu anasema, "Jamani, twende Longonot!" Wengine wanaitikia papo hapo, "Twende tu!" Nauli inachangwa, hema linaazimwa kwa jirani, mikate inanunuliwa na matatu inangojewa stejini.

Mimi sisemi kwamba safari za aina hii ni mbaya. Nani asiyezipenda? Lakini mlima haujui kuwa nyinyi mmeamua leo. Sheria zake ni zile zile kwa aliyejiandaa mwezi mzima na kwa aliyejiandaa dakika kumi. Tuzitazame sheria hizo moja moja.

1. Hesabu ya saa

Mwaka wa 1892 Mskoti aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima huitumia hadi leo. Kwa vipimo vyetu ni hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda.

Tuchukue Mlima Longonot, ulio katika Bonde la Ufa karibu na Naivasha. Kilele chake kina urefu wa mita 2,776 kutoka usawa wa bahari, na lango la mbuga liko yapata mita 2,150. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko (yaani lile shimo kubwa la volkeno) ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, na kurudi langoni ni 3.1 tena. Jumla ni kilomita 13.4, ambazo ni kama saa mbili na dakika 40. Kupanda mita 626 ni saa moja na ushei. Kwa hiyo ni karibu saa tatu na dakika 45 bila kupumzika.

Lakini nani asiyepumzika? Kuna kula, kuna kupiga picha, kuna kumngoja yule ambaye viatu vimemchubua. Weka saa tano. Kwetu hapa karibu na ikweta jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu jioni, na giza halibishi hodi. Basi anayeanza kupanda saa nane mchana atashukia gizani, kwenye njia ya vumbi la volkeno linaloteleza. Mkichelewa kufika, pandeni hadi ukingoni tu, kisha mrudi. Mlima hautahama.

2. Maji

Huko juu hakuna mfereji wala kioski. Kila mtu abebe lita 3 hivi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo hizo ni kilo 3 mgongoni. Ndiyo sababu maji hutiwa katika shanta, si katika mfuko wa plastiki wa kukata vidole. Anayesema, "Nitakunywa ya wenzangu," amekwisha kuwapunguzia wenzake njia.

3. Korongo na methali isiyotosha

Si mbali na Longonot kuna mbuga ya Hell's Gate, ambamo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kwa baiskeli. Ndani yake limo korongo jembamba lenye kuta ndefu za mawe, na vijana wengi hulipenda. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo ni ya kweli shambani, lakini korongoni haitoshi. Korongo ni kama mfereji wa paa. Mvua ikinyesha juu, mbali, pande ambazo huzioni, maji yote hukusanyika na kushuka kupitia hapo uliposimama. Kichwani mwako jua linawaka, nyuma yako maji yanakuja. Na kwa kuwa njia ni nyembamba, maji hayawezi kutanuka, hivyo huinuka na kwenda kwa kasi.

Haya si maneno ya kutishana. Mwezi wa Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa katika korongo hilo maji yalipowafikia ghafla. Mwezi wa Septemba 2019 watu saba walikufa papo hapo kwa namna ile ile, na mmoja wao alikuwa mwelekezi.

Basi fanya hivi. Waulize walinzi langoni kama kumenyesha upande wa juu, na wakikataza, tii. Ukiwa ndani, angalia ni wapi unaweza kupanda kutoka. Maji yakianza kugeuka rangi ya matope, au ukisikia mngurumo, usingoje kujadiliana. Acha mizigo, panda juu.

4. Usiku ndani ya hema

Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Nguo iliyolowa jasho mchana ndiyo adui wako usiku, kwa hiyo weka fulana kavu ya kulalia.

Na baridi ikizidi? Hapa ndipo palipo hatari kubwa. Usiingize jiko la makaa ndani ya hema, hata kwa dakika chache, hata kama makaa yanaonekana kuwa yamekufa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu pahali pa oksijeni, na mtu husinzia asiamke. Afadhali kutetemeka hadi asubuhi. Bebeni blanketi.

5. Neno "turudi"

Kabla ya kuondoka, mwambieni mtu wa nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Simu huisha moto, na pengine mtandao haupo.

Kisha kubalianeni jambo moja mkiwa bado stejini: mmoja wenu akisema "Turudi," wote mnarudi, na hakuna wa kumcheka. Naliona hili kuwa gumu kuliko yote. Vijana wengi hawaponzwi na kutojua. Huponzwa na kuogopa kuitwa mwoga mbele ya marafiki. Wahenga walikwisha tuambia: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Rafiki wa kweli ni yule unayeweza kumwambia, "Mimi naogopa," naye akachukua mzigo wako mrudi pamoja.

Maswali ya kujipima

(a) Njia ina kilomita 10 na kupanda mita 300. Kwa kanuni ya Naismith, itachukua muda gani bila kupumzika?
(b) Mmefika langoni saa tisa alasiri. Mtafanyaje?
(c) Eleza kwa maneno yako kwa nini korongo linaweza kufurika ilhali jua linawaka.
(d) Mwenzenu mmoja anasema, "Turudi." Wengine wanacheka. Andika utakalowaambia.

Jibu la (a) ni saa mbili na nusu. La (d) litafuteni wenyewe, kabla matatu haijafika.