Mas-ala ya Gari la Kukodi na Bima ya Juu Yake

Amma baad. Baadhi ya ndugu wa darsa, waendao Uingereza kuzuru jamaa zao na kukodi gari huko siku za mapumziko, wametuuliza juu ya bima ya pili wanayouziwa: yafaa kuinunua au haifai? Kabla ya jawabu yatakikana tuijue sura ya jambo lenyewe. Bima ile inayolazimishwa na serikali hatuizungumzi hapa.

Gari la kukodi huko kwa kawaida hutolewa na kinga ya asili ndani ya ujira wake. Walakini kinga hiyo haichukui hasara yote. Fungu la mwanzo la hasara hubaki juu ya aliyekodi, na fungu hilo ndilo waliitalo eksesi. Tuseme ni pauni 1,200. Gari likikwaruzwa na matengenezo yakawa pauni 700, zote utalipa wewe. Yakiwa 3,000, utalipa 1,200 na zilizosalia si juu yako. Na ili wasikukose, siku ya kulichukua gari huzuia fedha katika kadi yako ya benki mpaka ulirudishe. Ambaye kadi yake haitoshi huweza kunyimwa gari papo hapo, watoto na mizigo wamesimama.

Hapo huja biashara mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza huuzwa mezani na wenye gari: uongeze ujira wa kila siku, nao waisamehe eksesi au waipunguze. Ya pili huuzwa na kampuni ya bima isiyokuwa na gari, nawe huinunua kabla ya safari. Hii kwa kawaida ni rahisi zaidi, lakini haizuii kutozwa: wenye gari watakata haki yao kwanza, kisha wewe upeleke dai pamoja na mkataba, risiti na picha, ungoje kurudishiwa. Tena nyingi katika hizo huuzwa kwa wakaazi wa nchi maalumu tu. Mtu wa Mombasa asiposoma sharuti hilo huenda akalipa na asipate kitu.

Sasa tuje kwenye hukumu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mkono wa mwenye kukodi ni mkono wa amana: kitu kikiharibika pasina yeye kuvuka mpaka wala kupuuza, halipi. Mwenye kuazima si hivyo. Yeye hudhamini hata asipokosa, ila kwa uchakavu wa matumizi aliyoruhusiwa. Watu wetu hulidhania jambo hili kinyume. Basi kumtoza mkodi kwa jiwe lililorushwa na gurudumu la lori ni sharuti isiyopatana na asili ya ijara. Ama aliyegonga ukuta kwa uzembe, malipo ni juu yake.

Bima ya kampuni ya mbali ni kutoa mali inayojulikana kwa ajili ya malipo yasiyojulikana kuwa yatakuja au hayaji, na huo ndio gharari. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jidda iliamua mwaka 1985 kuwa bima ya biashara yenye malipo maalumu ni haramu, ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Sheikh Mustafa al-Zarqa aliijuzisha, naye si mtu wa kudharauliwa elimu yake. Walakini sisi twaelemea upande wa Majmaa.

Ile ya mezani, ikiwa ni wenye gari wenyewe waachao dai lao kwa ujira mkubwa zaidi, twaiona iko mbali na bima, hata ikiitwa kwa jina hilo. Ni ijara ya bei ya juu, na mkodi amerudi kuwa mwaminifu. Hapa ndipo penye uzito: iliyo nyepesi kwa dini ndiyo nzito kwa mfuko. Pauni 20 kwa siku, kwa siku 10, ni 200. Ile ya mbali pengine ni 40. Tofauti ya 160 si ndogo kwa mwenye watoto.

Kwa hivyo mtu asingoje mezani, ambako mtu aliyeshuka ndegeni usiku hana akili ya kusoma karatasi. Aulize kabla ya safari bei isiyokuwa na eksesi tangu mwanzo, alinganishe kampuni kadhaa, na aulize kama ni msamaha wa wenye gari au ni bima ya mtu mwingine wanayoiuza wao. Aulize pia matairi, vioo na chini ya gari, kwani mara nyingi huachwa nje. Mwenye akiba ya kutosha kulipa eksesi aweza kuziacha zote mbili. Na kila hali, alipige gari picha pande zote kabla ya kulitoa, na tena siku ya kulirudisha, na kila mkwaruzo uandikwe katika karatasi yao kabla hajatia saini.